Kwenye Chati Amefutwa, Kwenye Malipo Amekatwa

Wasee, leo siongei kwa upole. Kuna kimstari kimoja cha Python kimenikaa rohoni tangu mwaka jana na nimechoka kukibeba peke yangu. Chenyewe ni hiki:

showfliers=False

Kama hujui hilo ni dude gani, tulia, nitakueleza polepole. Kama unalijua, na umeliandika wiki hii kabla ya kumtumia bosi chati, basi ni wewe naongea nawe. Na usidhani naongea nikiwa juu ya mti. Mimi mwenyewe nililiandika. Sijioshi.

Mwaka jana nilikuwa intani kwa kampuni fulani hapa Nairobi, wale wa kupeleka mizigo kwa nduthi. Sitaitaja, na usiniulize. Mimi ndiye nilikuwa "kijana wa data", cheo ambacho maana yake ni kwamba unajua Excel kuliko wengine na hulipwi kama wao. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuchora muda wa kufikisha oda, kwa dakika, kila eneo na boksi lake. Chati ya boksi. Bosi aliiona kwa mtu fulani akaipenda, ati inafanana na ya watu wazito.

Chati ya boksi ni hivi. Chukua namba zako zote uzipange kutoka ndogo hadi kubwa. Ile ya katikati kabisa ndiyo mediani, na inachorwa kama mstari ndani ya boksi. Ukuta wa chini wa boksi ni pale robo ya kwanza ya namba inapoishia. Ukuta wa juu ni pale robo tatu zinapoishia. Kwa hivyo ndani ya boksi kuna ile nusu ya katikati, watu wa kawaida, wale hawasumbui mtu. Kisha pima upana wa boksi, uzidishe mara 1.5, halafu uweke fensi umbali huo juu ya boksi na chini yake. Fensi yenyewe haichorwi. Kinachochorwa ni masharubu, mistari miwili inayotoka kwa boksi hadi kwa namba ya mwisho ambayo haijaruka fensi. Namba iliyoruka inachorwa kama doti, huko juu peke yake, kama mtoto aliyetolewa nje ya darasa.

Basi mimi nikachora. Maboksi saba, maeneo saba, na juu yake doti kibao. Bosi akaangalia akakunja uso. "Hizi doti zinachafua slaidi. Ziondoe."

Na kweli zilikuwa zinachafua. Doti moja ikiwa huko kwa dakika 140, mhimili mzima unavutwa juu na maboksi yanabanwa huku chini kama chapati. Nikatafuta, nikapata kile kimstari, nikakiweka. Sekunde nne. Doti zikapotea, mhimili ukajirekebisha wenyewe, maboksi yakanenepa, slaidi ikang'aa. Nikapewa hongera. Mchana huo nikajinunulia soda.

Sasa sikia vizuri ni nini hicho kimstari kinafanya, maana hapa ndipo watu wengi wamelala. Hakiguzi data yako. Robo ni zile zile, mediani ni ile ile, masharubu ni yale yale. Zile doti bado ziko kwa hesabu zote. Kinachofanyika ni kwamba hazichorwi, na kwa sababu hazichorwi, mhimili unajipunguza kana kwamba hazijawahi kuwepo. Chati haikuachii hata alama ya kusema hapa palikuwa na kitu. Mtu anayeiangalia hana njia ya kujua kama amefichwa doti sifuri au doti mia.

Ijumaa ya wiki hiyo akaja raida mmoja ofisini. Nitamwita Raida 17. Ni mzee wa makamo, jaketi limechujuka na jua, helmeti mkononi. Akaelekezwa kwangu.

"Kijana, wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndio, mzee. Karibu."

"Hebu niangalizie hapo kwako. Jana bonasi yangu imeenda, na sikulala kazini. Nimekimbia siku nzima."

Pale kwetu bonasi ilikuwa hivi: wastani wa dakika zako za siku ukizidi 32, shilingi 300 za siku hiyo zinaenda. Mfumo unakata wenyewe, hakuna mtu wa kulilia. Nikamtafuta Raida 17, siku ya jana, nikapitisha namba zake kwa ile ile programu yangu iliyosifiwa. Likaja boksi zuri. Mediani 30, masharubu ya juu yanaishia 36. Nikamwambia, kwa kile kiburi cha mtu wa miaka 21 mwenye laptopu, "Mzee, hapa mbona mambo yako yako sawa kabisa."

Akaniangalia. "Kama yako sawa, mia tatu yangu iko wapi?"

Wacha niweke hizo namba hapa, ziko kumi na moja tu, uzihesabu mwenyewe hata kwa kidole:

22, 24, 25, 27, 28, 30, 31, 33, 36, 50, 71

Jumla ni 377. Gawa kwa 11 unapata 34.27. Imezidi 32, bonasi imeenda. Ukiziondoa zile mbili za mwisho, wastani wa tisa zilizobaki ni 28.4, yaani raida mzuri kabisa. Robo ya kwanza ni 26, robo ya tatu ni 34.5, upana wa boksi ni 8.5. Mara 1.5 ni 12.75. Fensi ya juu iko 47.25. Kwa hivyo 50 na 71 zimeruka fensi, ni doti, na mimi ndiye nilikuwa nimeziambia zisionekane.

Unaona huo mchezo? Chati inamtoa, mshahara unamhesabu. Wakubwa wakiangalia slaidi wanaona eneo lenye afya, hakuna shida ya kutatua. Mfumo wa malipo nao unaona 71 vizuri sana. Mtu mmoja, siku moja, namba zile zile: kwenye chati amefutwa, kwenye malipo amekatwa. Na katikati nimeketi mimi na soda yangu.

Ndiyo maana nakasirika nikiona mafunzo ya data huko mtandaoni, watu wakubwa wenye wafuasi wengi, wakifundisha doti kama takataka. Hatua ya kwanza pakia data, hatua ya pili ondoa doti, hatua ya tatu chora. Kama vile unaosha sukuma wiki. Hakuna anayekwambia usome kwanza ulichokiondoa.

Hata mwenye mchezo hakuuweka hivyo. Hizi chati kama tunavyozijua leo zilitangazwa na Mmarekani mmoja, John Tukey, mtakwimu, kwenye kitabu chake cha 1977 kuhusu uchunguzi wa data. (Huyo huyo ndiye aliyelipatia jina lile neno "bit" la kompyuta, usije ukasema hapa hujifunzi kitu.) Neno lenyewe ni uchunguzi. Fensi iliwekwa ikuonyeshe pa kuchungulia. Ile 1.5 haikuteremshwa mlimani, ni mazoea yaliyofanya kazi vizuri. Na hata data ikiwa safi kabisa, ile yenye umbo la kengele ambalo mwalimu wa hesabu alikuchorea, karibu asilimia 0.7 ya namba zitaruka fensi hata kama hakuna kosa lolote. Ukiwa na oda 10,000 hizo ni kama doti 70 zisizo na hatia. Na muda wa nduthi hauna hata umbo la kengele. Hakuna oda itakayofika kwa dakika hasi, lakini jam ya jioni inaweza kukuweka barabarani mpaka usahau ulikuwa unaenda wapi. Mkia uko upande mmoja, kwa hivyo doti za juu zitakuwa nyingi zaidi tu. Sasa wewe unafuta namba kwa sababu zinafanana na Nairobi.

Na si hivyo tu. Doti yenyewe inategemea programu unayotumia. Chukua zile zile namba kumi na moja uzipeleke kwa chati ya boksi ya Excel, bila kubadilisha mpangilio wowote. Excel kwa kawaida yake inatafuta robo kwa njia inayoiacha mediani nje ya hesabu. Hapo robo ya kwanza inakuwa 25, ya tatu inakuwa 36, upana 11, fensi ya juu inasonga hadi 52.5. Sasa 50 si doti tena! Imeingia ndani, masharubu yanaifikia. Namba ile ile, kanuni ile ile ya 1.5. Kwa Python ni ya kushangaza, kwa Excel ni jirani wa kawaida. Mwaka wa 1996 Hyndman na Fan waliandika makala wakaorodhesha njia tisa tofauti ambazo programu zinatumia kutafuta hizi robo. Tisa! Ukiwa na namba elfu tofauti inakuwa ndogo sana hata huioni. Ukiwa na kumi na moja, yaani siku moja ya mtu mmoja, ni kubwa ya kutosha kubadilisha nani anaitwa tatizo. Kwa hivyo mtu akikwambia "kompyuta imesema hii si ya kawaida", muulize kompyuta ya nani, na njia gani.

Haya, sasa tufanye kazi. Sitaki uniambie nimepiga kelele bila kukuonyesha njia.

Kosa la kwanza ni kusoma namba kutoka kwa picha. Nimeona watu wazima wakiweka rula kwa skrini, "hapa ni kama 35 hivi". Bana, hiyo picha ilichorwa kutoka kwa namba, si uziombe tu? Kama unatumia Matplotlib, kuna kifaa ambacho chati yenyewe inakitumia kupiga hesabu kabla ya kuchora. Kiite moja kwa moja:

from matplotlib.cbook import boxplot_stats
s = boxplot_stats(dakika)[0]
print(s["q1"], s["med"], s["q3"], s["whislo"], s["whishi"])
print(s["fliers"])

Hapo unapata robo, mediani, mwisho wa masharubu mawili, na zile doti zenyewe, kwa namba. Kwa Raida 17 inakurudishia 26, 30, 34.5, 22, 36, halafu 50 na 71. Kama chati imeshachorwa na uliihifadhi kwa jina, tuseme b = plt.boxplot(dakika), basi b["fliers"][0].get_ydata() inakutolea zile doti. Wa R wana boxplot.stats(dakika)$out, kazi imeisha, hao walipangiwa maisha vizuri. Wa seaborn, pole: ukichora unarudishiwa ubao wa mchoro tu, bila ule mfuko wa vitu, kwa hivyo wewe rudi kwa data upige hesabu mwenyewe. Na ujue kwamba kama data yako ina mapengo, boxplot_stats itakujibu nan kila mahali, kwa hivyo toa mapengo kwanza. Toa, lakini yahesabu. Kwetu sisi mapengo yalikuwa oda ambazo hazikufika kabisa. Hizo hazikupata hata heshima ya kuwa doti.

Kosa la pili ni lile lililonishika mimi hata baada ya kupata namba. Nilikuwa na 50 na 71. So? Namba 71 haisemi kitu. Haina jina, haina saa, haina mahali. Tena kwa picha ni mbaya zaidi, kwa sababu oda tatu za dakika 71 zinachorwa juu ya nyingine na wewe unaona doti moja. Unachotaka ni ule mstari mzima wa data uliozaa hiyo doti. Kwa pandas:

q1 = df["dakika"].quantile(0.25)
q3 = df["dakika"].quantile(0.75)
upana = q3 - q1
juu = q3 + 1.5 * upana
chini = q1 - 1.5 * upana
doti = df[(df["dakika"] > juu) | (df["dakika"] < chini)]
print(doti[["raida", "saa", "anwani", "dakika"]])

Mistari saba. Hii ndiyo nilipaswa kuandika siku ile badala ya kimstari kimoja. Kusema kweli hata df["dakika"].describe() peke yake ingenishtua, kwa sababu inakuandikia kubwa kuliko zote, na 71 ingekaa pale chini ikiniangalia.

Nikaiendesha mzee akiwa bado amesimama hapo. Mistari miwili ikatoka. Ya kwanza saa saba mchana, dakika 50. Ya pili saa kumi na mbili na nusu jioni, dakika 71. Anwani: moja. Jengo lile lile.

Mzee akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Hapo! Hapo nimewaambia mara ngapi? Pini ya ramani iko upande huu wa Thika Road, na lango la hiyo fleti liko ule upande mwingine."

Kama hujawahi kuendesha kitu Thika Road hutaelewa. Ile si barabara unavuka tu ukasema pole. Ukifika upande usio wako, unaenda mpaka njia ya kugeukia, unarudi, unatafuta njia ya kando, na kama ni jioni, salimia watu wa nyumbani kwa simu. Mzee alikuwa anafika kwa pini kwa wakati mzuri. Oda ilikuwa inachelewa kwa sababu yetu sisi, wenye ramani. Na adhabu ilikuwa yake.

Wikendi hiyo nikachukua mwezi mzima, raida wote. Hapo nikajifunza kitu kingine: usiweke watu wote kwa boksi moja halafu uanze kunyoosha kidole. Nilipoweka fensi moja kwa kampuni nzima, doti nyingi zilikuwa za maeneo ya mbali, watu ambao kosa lao ni kwamba kastoma anaishi mbali. Nikagawanya kwa eneo na kwa saa, groupby halafu fensi ya kila kundi, na nyingi zikayeyuka. Zilikuwa kawaida ya mahali pao. Zikabaki doti 64. Nikazisoma moja moja, mstari kwa mstari, ilinichukua kama saa mbili na chai. Kati ya hizo 64, 23 zilitoka kwa anwani nne. Nne tu. Pini nne zilikuwa mahali pabaya, na mwezi mzima zilikuwa zinakula bonasi za raida tofauti tofauti, na kila mmoja alikuwa anadhani ni bahati yake mbaya.

Na slaidi yetu ilikuwa safi.

Najua mtasema nini, kwa sababu niliambiwa yote ofisini. Kwanza, "doti zingine ni makosa ya kweli". Ndio! Nilipata oda ya dakika 1,443. Siku moja na dakika tatu. Hakuna mtu anaendesha nduthi siku nzima kupeleka maziwa. Raida alisahau kubonyeza "imefika", akabonyeza kesho yake. Hiyo niliitoa bila kulia. Lakini nilijua ni kosa kwa sababu niliusoma mstari wake, na nilipoitoa niliongeza safu inaitwa "sababu" nikaandika kwa nini. Fensi haikuniambia ni kosa. Kwa fensi, 1,443 na 71 ni kitu kimoja. Anayejua tofauti ni mtu, na huyo mtu ni wewe, ndiyo maana unalipwa. Au hulipwi, kama mimi.

Pili, "tumia mediani basi, haisumbuliwi na doti". Sawa, mediani ya mzee ilikuwa 30, nzuri. Lakini malipo yake hayakuwa kwa mediani. Kama unataka kuripoti kwa mediani, lipa kwa mediani. Huwezi kuchagua kipimo kinachokupendeza ukiwa unajisifu halafu uchague kingine ukiwa unakata watu.

Tatu, "slaidi lazima ipendeze". Hapa wacha nikubali kidogo. Chati iliyobanwa haisomeki, hiyo ni kweli. Lakini si andika basi chini yake: doti 64 hazijachorwa, kubwa kuliko zote ni dakika 140. Len ya ile jedwali ya doti, na max yake. Kama slaidi yako haiwezi kuvumilia sentensi moja ya ukweli, shida si doti.

Hili jambo la kutoa doti sisi Wakenya tunalijua hata bila kompyuta. Nikiwa Form Three kulikuwa na jamaa wa darasa letu aliyekuwa anapata D kila muhula. Kwenye KCSE, A ni pointi 12 na E ni pointi 1, na wastani wa shule unapigwa kwa pointi za kila mtahiniwa. Mtu wa D anauvuta chini. Akaitwa na mzazi, wakaambiwa kwa lugha tamu kwamba pengine atafute mahali pengine pa kujisajili. Mwaka uliofuata wastani wa shule ulipanda, tukaimba, tukachinjiwa. Hakuna aliyekuwa amejifunza kitu kipya. Walimwandikia showfliers=False kwa karatasi ya kawaida. Na huko alikoenda alifanya mtihani na D yake akapewa, hakuna aliyemfutia hiyo.

Kwa hivyo mnaonifuata, mnaojifunza data kwa simu usiku mkitafuta kazi, ombi langu kwenu ni kubwa. Mtaajiriwa. Wengine wenu mtashika namba za mikopo, za hospitali, za tokeni za stima, za matokeo ya mitihani. Na siku moja mtu mwenye suti atakwambia hizo doti zinachafua. Mwambie, "Sawa bosi, nipe dakika kumi nizisome kwanza." Ukisema hivyo hutafutwa kazi. Na kama utafutwa, angalau ulifutwa ukiwa na orodha mkononi.

Mimi nilipeleka yangu Jumatatu. Anwani nne, oda 23, majina ya raida na bonasi walizopoteza. Pini mbili zilirekebishwa wiki iliyofuata. Zile nyingine mbili nilipoondoka zilikuwa bado "zinaangaliwa". Pesa hazikurudi, nikaambiwa siku zikishafungwa kwa mfumo hazifunguliwi. Jioni hiyo nikamtumia mzee mia tatu yangu kwa M-Pesa, nikidhani nafanya kitu cha maana. Baada ya dakika chache ikarudi yote, halafu ujumbe: "Kijana asante, lakini sikuomba yako. Naomba yangu."

Sikuwa na jibu. Wiki yangu ya mwisho kulikuwa na mkutano wa wakubwa, nikaombwa nifungue ile slaidi. Ilikuwa vile vile nilivyoitengeneza, na jina langu kwenye kona ya chini. Maboksi saba, safi, hakuna doti hata moja.